Kompyuta ya Msaragambo

Katika miaka yote niliyofundisha naye sikuwahi kumsikia akisema kitu ni chake. Chaki aliyoishika ilikuwa chaki yetu, kiti alichokalia kilikuwa kiti chetu, na kikombe cha bati ambacho hakuna mtu mwingine aliyethubutu kukigusa nacho kilikuwa kikombe chetu. Walimu tulimtania sana. Siku moja mwalimu wa sayansi alimuuliza kama na mume naye ni wetu, na yeye, bila kuinua macho kutoka kwenye madaftari aliyokuwa akisahihisha, akajibu, "Huyo mchukueni kabisa, mkimpata." Mumewe alikuwa mnyapara katika shamba la mkonge kule bondeni. Shamba lilipofungwa akaenda Tanga kutafuta kazi, akaleta salamu mara chache, kisha akanyamaza. Tulicheka, halafu tukaona aibu kwamba tumecheka.

Tulimwita Mwalimu wa Maarifa kwa sababu alifundisha Maarifa ya Jamii, somo ambalo sisi wengine wote tulilikimbia. Watoto walimwita hivyo, wazazi vilevile, na baadaye hata makarani wa mahakama. Jina lake sitalitaja. Yeye mwenyewe angesema jina nalo si lake, alipewa tu.

Mimi ni Mnyaturu, kwetu Singida. Nilipangiwa kufundisha hesabu katika shule ile ya mlimani, juu ya Hedaru, mahali ambapo asubuhi ukisimama uwanjani unaona barabara kuu, mashamba ya mkonge yaliyoachwa na nyika mpaka macho yachoke, na jioni humwoni hata mwenzako kwa ukungu. Ilikuwa miaka ile ambayo maduka ya Hedaru yalijaa kila kitu na watu hawakuwa na chochote. Redio, baiskeli, viatu vya mtumba vya kila namna vilikuwepo. Kahawa ndiyo haikuwa na bei, mkonge haukuwa na mwenyewe, na mshahara wa mwalimu ulikuja ulipotaka. Walimu wengi tuliuza maandazi au tuisheni. Yeye hakuuza kitu. Alisema mtoto akishalipia somo mara mbili, anajifunza kulipa tu.

Msifikiri alikuwa malaika. Alikuwa bahili kupita maelezo. Vipande vya chaki vilivyotutoka mikononi alivikusanya katika kopo la maziwa, na siku chaki zilipokwisha shule nzima tulimwendea tukiwa wapole. Alikupa kipande kimoja, akakikumbuka. Mwavuli hakuazima mtu. Na kwa maneno alikuwa mkali. Mzazi aliyemtoa binti shule ili akauze tangawizi gulioni alifuatwa hukohuko gulioni na kusemwa mbele ya wateja wake mpaka mwenyewe akafunga gunia. Alisema, "Mpare atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku, lakini hatauza kuku mtoto asome." Alilisema hilo kuhusu watu wake mwenyewe, na mimi mgeni nilicheka peke yangu.

Ugomvi wake mkubwa ulikuwa na kitabu cha somo. Hakukichukia. Alikisoma mpaka jalada likatoka. Lakini kilikuwa na picha ya wakulima wa Misri wakimwagilia mashamba, na watoto wetu waliweza kuuchora mto Naili pamoja na matawi yake, wakati mfereji uliopita nyuma ya vyoo vya shule hawakujua nani aliuchimba. "Kitabu hiki kimefika Misri," alisema, "na hapa Hedaru kimepita bila kushuka." Ndipo alipoanza kuwaambia wanafunzi wawalete babu na bibi zao darasani. Wazee walikuja, wakaongea, wakaenda zao, na mwaka uliofuata baadhi yao hawakuwepo tena. Hilo lilimtesa. Niliona lilivyomtesa, maana baada ya kila mazishi alikuwa akikaa ofisini akijaribu kukumbuka maneno ya marehemu, na hayakuja sawasawa.

Kompyuta ikaja kwa ajili hiyo. Mtoto wa kaka yake alifanya kazi Arusha katika ofisi iliyokuwa ikibadilisha mashine zake, na zile za zamani zikagawiwa kwa wafanyakazi. Ya kwake akamtumia shangazi, pamoja na kinasa sauti kidogo, kamera ndogo, sola na betri ya gari. Vyote vilishushwa Hedaru na lori, katikati ya masika, na barabara ya kupandia kwetu ilikuwa imekatika. Mwenyekiti wa kijiji akapiga baragumu ya msaragambo.

Asiyeijua milima ya Upare nimweleze. Baragumu ikilia kila nyumba inatoa mtu wa kazi ya pamoja. Kwa msaragambo walichimba mifereji, kwa msaragambo walijenga ndiva, yaani bwawa dogo linalojaa maji usiku na kufunguliwa asubuhi ili kila ukoo umwagilie kwa zamu yake. Na sheria ni moja: aliyetia mkono ana zamu, asiyetia mkono hana. Siku ile zilishuka koo zote mbili, ukoo wa juu na ukoo wa chini, wanaume kwa wanawake. Kioo kilibebwa katika sanduku, sola ikaviringishwa mablanketi, betri ikaning'inizwa kwenye mti mabegani mwa watu wawili. Bibi mmoja ambaye hakuweza tena kubeba kitu alisimama njiani, na sanduku lilipompita akaligusa kwa kidole, akasema, "Na mimi nimebeba." Wote wakakubali kwamba amebeba.

Mimi nilikuwa nimeshuka Same kufuata mshahara. Kwa hiyo sikubeba, na kwa hiyo sikuwa na zamu. Nilidhani ni mzaha mpaka nilipotaka kuchapa mtihani wangu wa hesabu, naye Mwalimu akanitazama kwa huruma ya kweli. "Mnyaturu wetu," akasema, "ungetia hata kidole." Nikaandika mtihani ubaoni.

Lakini masomo yale, jamani. Alitundika khanga madirishani ili kioo kionekane, watoto wakakaa chini wamebanana, na mlima wao wenyewe ukawatokea mbele yao. Alikuwa amepiga picha ndiva, mifereji, gulio, reli iliyoota nyasi, mabanda ya mkonge. Kila picha ilikuwa na sauti ya mtu. Mama aliyepanda tangawizi baada ya kung'oa kahawa alieleza bei mpaka watoto wakaelewa soko huria kuliko mimi niliyesoma chuoni. Hakuwahi kuwaambia jibu. Aliuliza tu, "Huyu amesema nini? Na yule wa jana alisema nini? Mbona hawakusema sawa?"

Kulikuwa na binti wa darasa la tano aliyeletwa kwetu kutoka bondeni baada ya shamba la mkonge kufungwa. Babu yake alikuja zamani kutoka Kigoma kukata mkonge, hakurudi kwao tena, na wenzake walimwita binti "wa kuja." Mwalimu wa Maarifa hakumkemea mtu. Alishuka bondeni kwa miguu, akamrekodi babu, akarudi. Somo la uhamiaji lilipofika, sauti ya yule mzee ikasikika darasani, ya kukwaruza, ikieleza mistari ya mkonge aliyoikata, na ikawataja kwa majina wanyapara aliofanya nao kazi, ambao wengine walikuwa babu za walewale waliokuwa wakimwita hivyo. Mwisho alimwita mjukuu wake jina la nyumbani, akamwambia asome. Binti alitazama chini. Toka siku hiyo sikusikia tena neno "wa kuja" pale shuleni.

Na alimrekodi mzee wa ndiva. Huyu ndiye aliyefungua na kufunga bwawa tangu ujana wake, mtu wa maneno machache. Alieleza kwa Kichasu, lugha ya Wapare, jinsi ndiva ilivyochimbwa na zamu zilivyogawanywa. Watoto waliisikiliza sauti yake mpaka wakaweza kukohoa kama yeye.

Mzee wa ndiva akafa. Mwaka uliofuata mvua zikakataa, na maji ya asubuhi yakawa hayatoshi koo mbili. Ukoo wa juu wakasema asubuhi ni yao. Ukoo wa chini wakasema ni yao tangu mababu. Wakapelekana baraza la kata, halafu mahakamani kule bondeni. Hapo mtu mmoja akakumbuka kwamba marehemu yupo, amewekwa shuleni, na anaweza kuulizwa.

Mwalimu alijitolea kunakili sauti kwenye kanda ya kaseti. Upande mmoja ukapinga: nakala inaweza kutengenezwa. Wakataka kitu chenyewe. Askari wakaja, wakaichukua kompyuta mbele ya darasa la sita, na yeye akashuka nayo kama mtu anayemsindikiza mgonjwa.

Nilikuwepo mahakamani siku kompyuta ilipofunguliwa. Karani alimuuliza Mwalimu kwanza, ili aandike, "Mali hii ni ya nani?"

"Ya msaragambo," akasema.

Karani, kijana wa pwani, akadhani ni jina la mtu, akauliza Msaragambo anakaa wapi. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaeleza kwamba ni ya wote waliobeba, na akawaonyesha wamekaa pande zote mbili za chumba. Hakimu akaandika, akafunga faili, akaamuru sauti ipigwe.

Mzee wa ndiva akakohoa. Kisha akasalimia, kama alivyozoea kabla ya kusema neno lolote, na chumba kizima, wadai na wadaiwa, kikaitikia. Mama mmoja akaanza kulia. Marehemu akaeleza yote, na alipofika kwenye zamu akasema kwamba maji ni ya anayeshika jembe la kusafisha mfereji. Pande zote mbili zikaruka kwa furaha. Kila upande ulikuwa umewahi kushika jembe hilo. Hakimu akaahirisha.

Akaahirisha tena na tena. Kompyuta ikafungwa kamba, ikabandikwa karatasi ya kielelezo, ikawekwa stoo. Hakimu akahamishwa, mwingine akaanza upya. Aliyeshindwa alikata rufaa, aliyeshinda akashtakiwa kwa kosa jingine. Kila siku ya kesi Mwalimu wa Maarifa alishuka na makande yake katika hotipoti, akakaa benchi la nyuma, akaomba aruhusiwe japo kuifuta vumbi. Wakati mwingine walimruhusu. Alirudi jioni akiwa na tope magotini na kesho yake akaingia darasani. Ubaoni alikuwa amechora kioo kwa chaki, mraba mkubwa, na ndani yake alichora ndiva, na aliwaigia watoto sauti za wazee kadiri alivyokumbuka. Watoto wapya ambao hawakuwahi kuona kompyuta walidhani ndiyo hiyo. Nilipita dirishani nikaona, na nilikasirika mpaka nikashindwa kula. Hasira hiyo ninayo mpaka leo.

Yule binti wa mkonge alikuwa ameshamaliza la saba babu yake alipofariki. Alikuja shuleni baada ya arobaini, amevaa khanga ya msiba, akaomba asikilize sauti ya babu, mara moja tu. Mwalimu akamwambia iko mahakamani, itarudi. Binti akauliza lini. Mwalimu wa Maarifa, ambaye kila swali la mtoto alilirudisha kwa swali jingine, akamshika mkono akamsindikiza mpaka njiani.

Hukumu ikaja wakati hakuna tena aliyekuwa na haja nayo. Mahakama iliamuru wagawane kama zamani. Lakini kwa miaka yote ya kesi hakuna ukoo uliosafisha ndiva, kwa kuogopa kwamba utakuwa umewasafishia wenzao, na bwawa lilikuwa limejaa tope mpaka ukingoni na kuota matete. Baragumu ilipigwa mara moja, wakaja wazee watatu na Mwalimu. Nami nilikwenda. Tulichimba mpaka adhuhuri, tukarudi nyumbani.

Ikabaki kurudishiwa kompyuta. Hapo ndipo neno lake lilipomrudia. Faili lilisema ni mali ya msaragambo, na mahakama haikujua kumkabidhi msaragambo. Ukoo wa juu ukitaka kutia sahihi, ukoo wa chini ulipinga. Ukoo wa chini ukienda, wa juu ulitishia kesi nyingine. Mwalimu mkuu alisema shule haikuwahi kuipokea, na hataki kuitwa shahidi uzeeni. Hakimu, mtu mwema, akamwita Mwalimu wa Maarifa akamweleza taratibu: "Mama, mwenye mali aje aape kwamba ni yake, achukue aende. Sitamuuliza zaidi."

Nilimngoja nje. Tulipopanda mlima nilimsihi, nikiwa nimekosa hata adabu.

"Mwalimu, si uliletewa wewe? Mtoto wa kaka yako alimtumia nani? Sema ni yako. Neno moja tu."

"Ililetwa Hedaru," akasema. "Toka Hedaru kwenda juu ililetwa na watu."

"Watu hao hao wamekuharibia."

"Ndiyo. Na walibeba." Akasimama kuvuta pumzi, kwa maana alikuwa ameanza kuzeeka na mlima ulikuwa unamshinda. "Mnyaturu wetu, miaka yote nimewafundisha watoto kwamba aliyetia mkono ana zamu. Nikiapa kwamba ni yangu, nimemnyang'anya yule bibi kidole chake. Halafu kesho niingie darasani niwaambie nini?"

"Na yule binti utamwambia nini?"

Akaendelea kupanda. Nilijua nimemchoma pabaya. Sikujuta. Nilitaka achomeke.

Alistaafu. Mimi nikahamishiwa shule ya Same mjini, kwenye vumbi na upepo unaosukuma mtu. Huko nako tukaletewa maabara ya kompyuta, nikawa nafundisha hesabu humo, na mwalimu wetu wa historia akawaonyesha watoto kwenye kioo piramidi za Misri. Nilikuwa nikimkumbuka. Kwenda kumwona sikuenda.

Siku moja, alasiri, nilipeleka simu yangu kwa fundi karibu na stendi. Ndani, kwenye benchi la wateja, alikaa mama mmoja aliyekonda, miguu haifiki vizuri sakafuni, na mbele yake juu ya meza ya fundi kulikuwa na kompyuta ya zamani, rangi ya maziwa iliyogeuka ya chai, na kipande cha karatasi ya kielelezo bado kimeng'ang'ania ubavuni. Nilimjua kwa kikombe. Alikuwa na kikombe cha bati mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mnyaturu wetu. Umenenepa."

Nilikaa karibu naye. Sikujua nianzie wapi, nikauliza kama mahakama imekubali kuirudisha kijijini.

"Nimeapa," akasema. Alikitazama kikombe. "Yule binti alikuja tena nyumbani. Ana mtoto sasa, anataka mtoto amsikie babu. Nikashuka. Nikasema ni yangu. Karani hakuinua hata macho. Akasema tia sahihi hapa, mama. Ilikuwa rahisi hivyo."

Fundi, kijana mpole, alikuwa ameshaifungua. Akairudisha bisibisi mezani na kutugeukia sote wawili, maana alidhani mimi ni mwanawe. "Mama, humu hamna diski. Ile inayotunza vitu. Walishaichomoa siku nyingi, ona hata vumbi lilivyokaa. Hili limebaki boksi tu. Kama unataka naweza kukupa kitu kidogo, nichukue chuma."

"Nani aliichomoa?" nikauliza, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.

Fundi akainua mabega. Mwalimu wa Maarifa hakuuliza. Alimwomba afunge kama ilivyokuwa, na akangoja mpaka kila skrubu irudi mahali pake.

"Nimedanganya bure," akaniambia, polepole, akitamka kila neno kama alivyokuwa akiwasomea watoto imla. "Ningedanganya mapema ningewapata wazee wote. Nisingedanganya kabisa ningebaki na mdomo wa kufundishia. Sasa sina hiki wala kile."

Nilitaka kumwambia kitu. Nikasema tu kwamba gari la kupanda mlimani liko upande wa pili wa barabara, nami nitamsaidia mzigo.

Nikainama, nikatia mkono chini ya boksi.

"Acha," akasema.

"Ni zito, Mwalimu. Shika huku, mimi nishike huku."

"Acha, baba. Ukitia mkono itakuwa ya wawili, na mimi nimekula kiapo mbele ya Mungu kwamba ni yangu. Usinifanye niwe mwongo mara mbili."

Alikuwa ananitazama, na macho yake yalikuwa mekundu, na hakukuwa na mzaha ndani yake hata kidogo. Nikaondoa mkono. Akalikumbatia boksi kwa mikono yote miwili, akalipandisha kifuani, kikombe cha bati kikining'inia kwenye kidole kimoja, akatoka kwenye upepo. Kondakta alimkimbilia ampokee, naye akamkatalia. Alisimama kando ya barabara akingoja malori yapite, na mimi nilibaki mlangoni kwa fundi nimeshika mikono yangu.